Kasha la Kwanza la Santuri za Baba

Duka la Dobi,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Nakusalimu kwanza, maana Mama amekaa hapa pembeni yangu na ameniapisha nisianze kwa matusi. U hali gani? Goti lako linaendeleaje? Wifi hajambo? Watoto wanasoma? Sisi huku tu wazima, isipokuwa masikio ya Mama, ambayo nitayafikia, na roho yangu, ambayo imechafuka tangu Jumatano. Haya, nimesalimu. Adabu niliyokuwa nayo imeishia hapo.

Jumatano ndiyo siku sauti yako ilipoingia kwenye simu ya Mama. Dakika saba, Kaka! Mwaka mzima unamtumia mama yako picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema, halafu siku moja unapata dakika saba za kuongea, na zote ni habari za santuri. Hukuuliza anakula nini. Hukuuliza analala vipi.

"Nimesikia Dada amekusanya zile rege za Mzee," ulisema. "Mwambie azifungashe vizuri azitume huku, mkusanyiko ukamilike. Huku watu wanajua thamani yake. Huko zitaliwa na panya tu."

Nilikuwa napiga pasi shati la hariri la mteja. Nikasimama na pasi mkononi nikikusikiliza, na nilipokuja kuinua mkono kola yote ilikuwa imeungua. Mwenye shati ni mwalimu wa kwaya, mtu mpole, na hata yeye alinisema. Hilo shati nalo ni deni lako.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu utanikatiza. Tangu nikiwa na meno ya utoto hujawahi kuniacha nimalize nilichoanza kusema. Karatasi haina mdomo, itabidi unisome mpaka mwisho.

Panya, umesema. Ngoja nikukumbushe panya mwenyewe alikuwa nani.

Wiki ile tuliyomzika Baba, ni miaka kumi na miwili sasa, ulikuja na suti ya kijivu na tai, ukakaa siku tisa. Siku ya sita ulitoka uani na yale makasha manne ya mbao ambayo Baba aliyatengeneza kwa mabaki ya mabango. Kila kasha santuri ishirini na nne, jumla tisini na sita, kila moja ina namba yake kwa rangi nyekundu kwenye kona ya jalada, kwa mwandiko ule ule aliochorea vibao vya maduka nusu ya mji huu. Ukamwita muokota vyuma na mkokoteni wake. Nilikuuliza unafanya nini. Ukanijibu hivi, na sijasahau hata neno moja: "Nyumba ya watu wenye heshima haiwezi kujaa muziki wa wavuta bangi."

Bangi! Baba yule ambaye hata moshi wa jirani ulimkohoza! Mtu ambaye kilevi chake kilikuwa chai isiyo na sukari na ile besi nzito iliyokuwa inatikisa vikombe kabatini! Wewe umesahau, mimi sijasahau alivyokuwa akichora. Alisubiri gitaa ligonge, ndipo brashi ishuke. Gitaa, brashi. Gitaa, brashi. Ndiyo maana herufi zake zilikuwa na mwendo. Hakuna mchora mabango mwingine aliyeweza kuziiga.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikimbilia mkokoteni mpaka kwenye kona ya kinu, nikaanguka, nikachubuka magoti yote mawili. Niliporudi ulikuwa umeshaingia ndani unakunywa maji. Ukaniambia yamekwenda yote manne na nisimsumbue Mama. Sikumsumbua. Nilinyamaza kama mjinga miaka sita.

Sasa nikueleze nilivyozipata, kwa kuwa naona umesikia nusu tu.

Kulikuwa na fundi pikipiki aliyeleta ovaroli zake kufuliwa, nikampelekea gereji. Ukutani kwake palikuwa na tundu, na tundu limezibwa kwa jalada la santuri lililopigiliwa misumari minne. Picha imeshakuwa nyeusi kwa grisi. Lakini kwenye kona niliona hamsini na saba, nyekundu, ile saba yenye mkia. Nilishika ukuta, Kaka. Fundi akadhani nimepata kizunguzungu.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Nilinunua na chakavu nyingine. Na sahani yake ipo, naifunikia boliti."

Nikamfulia ovaroli miezi mitatu, akanipa jalada na sahani. Sahani ilikuwa imejikunja kwa jua kama ukingo wa bakuli. Nikaiosha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa cha nguo za vichanga, nikizungusha taratibu kufuata mistari. Nikailaza kati ya vioo viwili vya dirisha, juu nikaweka pasi zangu za mkaa zilizopoa. Kazi yangu ni kunyoosha vilivyokunjamana, na huo ndio utaalamu pekee nilionao. Siku ya nne ilikuwa imelala chali.

Gramafoni sikuwa nayo. Fundi redio wa mtaa wa pili aliniunganishia moja kutoka kwenye maiti tatu, sindano ya hii, mkanda wa ile. Nikaiweka chumba cha mbele. Nilipoteremsha sindano, Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Mama huyu huyu aliyekuwa akimpigia Baba kelele apunguze ngoma zake! Akatoka na ungo mkononi, akasimama mlangoni mpaka upande mzima ukaisha. Kisha akasema, "Hii aliileta siku alipomaliza kuchora ukuta wa shule. Alikuja na rangi ya buluu masikioni." Akarudi kwenye mchele wake.

Tangu siku hiyo nimetafuta, Kaka, na usidhani ni kwa kubonyeza simu kama wewe. Nimekwenda kwenye masoko ya mitumba kila Jumapili. Nimebisha milango ya watu nisiowajua. Kinyozi aliye jirani na kituo cha basi alikuwa nazo kumi na moja, amezipanga ukutani kama urembo. Alininyima mwaka mzima. Nikawa napita kila Jumamosi, nakaa kwenye kiti cha wateja, namwambia kila moja ina nini: hii upande wa pili hauna maneno, wameyachomoa yote wamebakiza besi na ngoma na mwangwi, hii mpiga tarumbeta wake anachelewa kusudi. Siku moja akakuta mimi nazijua kuliko yeye anavyozitazama. Akazishusha mwenyewe. Akasema, "Chukua, Dobi. Hapa zilikuwa zinakufa njaa."

Nimefika arobaini na moja. Kila nikileta moja, Mama anaisikiliza na kunipa habari yake, nami naandika kwenye daftari. Nimemjua baba yangu humo kuliko nilivyomjua akiwa hai. Nimejua alilia hadharani mara moja, na kwa nini. Nimejua aliwahi kufukuzwa kazi kwa kuchora simba kwenye kibao cha mtu aliyeomba ng'ombe. Wewe haya huyajui, na leo sikuambii.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonikera. Katika daftari langu, katika zote nilizokuwa nazipata, hapakuwa na hata moja yenye namba chini ya ishirini na tano. Hata moja. Miaka mitatu iliyopita nikamtafuta muokota vyuma. Sasa ni mzee, miguu imevimba, anakaa na bintiye. Nikamuuliza kasha la kwanza alilipeleka wapi.

"Mwanangu, kaka yako alinipa makasha matatu," akasema.

"Manne, mzee. Nilikuwepo."

"Matatu. Mkokoteni wangu ndio ulioyabeba."

Nilimwita mwongo, Kaka. Mzee wa watu, mgonjwa, nyumbani kwake, mbele ya bintiye, nilimwita mwongo na mwizi, nikatoka bila kuaga. Na kwa miaka mitatu nilikuwa nikimwona barabarani navuka upande wa pili.

Basi mwezi uliopita napita kwa kinyozi, ananiita kwa sauti mpaka mteja akashtuka chini ya wembe. "Dobi, njoo uone! Huyu si kaka yako?"

Ulikuwa wewe. Kwenye simu yake, na kofia ya kufuma ya rangi tatu kichwani, wewe wa suti ya kijivu! Nyuma yako rafu imejaa santuri mpaka darini. Unaongea kwa ile sauti ya watangazaji. Ukasema ulizaliwa ndani ya rege, ukalelewa na rege, baba yako alikuwa mkusanyaji mkubwa. Hapo bado nilikuwa nacheka. Kisha ukasema, "Mzee alipofariki, familia ilitaka kuzitupa. Mimi ndiye niliyeziokoa."

Familia ilitaka kuzitupa.

Halafu ukanyanyua moja ukaisogeza karibu na kioo ili watazamaji wako waone jalada halisi la zamani. Nikamwambia kinyozi asimamishe. Kwenye kona palikuwa na kumi na mbili. Nyekundu.

Kinyozi, ambaye habari yote anaijua, alinitazama kwenye kile kioo chake kikubwa, kisha akazima simu na kumrudia mteja. Nilimshukuru kwa hilo.

Kutoka pale sikwenda dukani. Nilikwenda moja kwa moja kwa muokota vyuma. Nilipiga magoti, Kaka, mimi mwenye shingo ngumu kama unavyopenda kuniita, nikamwomba radhi. Akasema yamepita. Bintiye hakusema yamepita. Alisimama amefunga mikono mpaka nilipoondoka, na hakukosea.

Nilipofika nyumbani, Mama alikuwa anakunja shuka za wateja. Nikamwambia karibu na sikio la kulia, maana la kushoto halisikii tena, "Kasha la kwanza analo Kaka."

Akaendelea kukunja. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Nilikuwa dirishani. Nilimwona akizipanga kwenye sanduku lake, anazifunika kwa blanketi langu la kijani. Nikasema, acha mtoto abebe kitu cha baba yake."

"Na mimi ukaniacha nizunguke na jua hili? Nikamtukane mzee wa watu?"

"Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe," Mama akasema. "Kila akipiga simu nadhani ni leo."

Miaka kumi na miwili, Kaka. Kila ukipiga anadhani ni leo. Na wewe unamtumia maua.

Sikusema na Mama siku mbili. Tunaishi vyumba viwili, tunapikia jiko moja, na hatukusemezana. Hilo nalo umelileta wewe, kutoka mbali huko, bila hata kunyanyuka kwenye kiti.

Kinachonichoma zaidi si kwamba ulizichukua. Ningekuwa na kaka mwizi tu, ningelala usingizi. Lakini ulichukua kasha la kwanza. Ulijua ndizo alizozipenda, zile alizonunua kabla hatujazaliwa. Maana yake ulikuwa unazipenda. Ulimpenda Baba, ukamwonea aibu, yote mawili kwa wakati mmoja, na ili hao wenzio wa tai wasikujue ukazipakia sabini na mbili mkokotenini mbele ya watu na kuficha ishirini na nne chini ya blanketi. Ungesema, tungegawana. Ungesema neno moja tu, ningekusaidia kufunga lile sanduku.

Sasa habari ya masikio ya Mama, na hapa usome polepole.

Daktari wa masikio amempima mara mbili. La kushoto limekwisha. La kulia linafifia, na kifaa alichojaribishwa hakikumfaa. Amesema tusitegemee mwaka uishe akiwa bado anasikia. Kwa hiyo kila jioni baada ya kazi namwekea santuri moja. Anavuta kiti mpaka spika imguse bega, anaweka kiganja kwenye mbao, kwa sababu besi anasema inapanda kwa mkono hata pale sikio linapokosa. Na kila jioni tukimaliza ananiuliza swali lile lile: "Namba saba hujaipata?"

Namba saba waliicheza walipohamia chumba chao cha kwanza, hawana kitu, godoro liko sakafuni. Baba aligonga meza kwa kiwiko akimzungusha, sindano ikaruka ikachora santuri. Tangu hapo wimbo wa tatu ukifika katikati unaruka, nao wakazoea kuruka nao. Walicheza hivyo miaka ishirini na minane. Wewe uliwaona, mimi niliwaona, tulikuwa tunajificha nyuma ya pazia tunawacheka.

Najua utakavyosema. Utasema wimbo huo upo kwenye simu. Nimemwekea, Kaka. Alisikiliza mpaka katikati, akainua mguu, wimbo ukapita moja kwa moja. Akashusha mguu. Akaniambia, "Huu si wenyewe. Zima."

Basi majibu ya dakika zako saba ni haya. Hizi arobaini na moja hazitoki nyumba hii. Si kwa posta, si kwa mtu, si kwa maneno matamu. Wakikuuliza huko mkusanyiko uko wapi, waambie ulikuwa kamili mpaka ulipoushika.

Ishirini na tatu kati ya hizo zako kaa nazo. Usidhani nimekusamehe. Mama alisema mtoto abebe kitu cha baba yake, na neno la Mama silivunji, hata likiniuma. Lakini utavua hiyo kofia, utakaa mbele ya hiyo simu yako, na utawaambia wale wale watazamaji nani alizitupa. Jina langu usilitaje. Kinyozi atanionyesha.

Namba saba naitaka sasa. Na hapa ndipo utakapojua kwa nini barua hii haikuja kwa posta.

Ulipofungua mlango ukamwona Shangazi, bila shaka ulidhani amekuja huko kumwona binti yake aliyejifungua, na akaona apite akusalimu. Mjukuu ni kweli amezaliwa. Lakini barua hii nilimsomea yote kabla hajaondoka, neno kwa neno, na yeye ni dada yake Baba, kwa hiyo mimi ukiniona mkali ujue nimejizuia. Nimemwomba asikae na asinywe chochote nyumbani kwako mpaka santuri ile iwe mikononi mwake. Unamjua. Alikuwa mwalimu mkuu miaka thelathini, hajawahi kulivunja neno alilolisema.

Kwa hiyo unaposoma mstari huu, mwanamke wa miaka sabini na miwili mwenye visigino vinavyouma amesimama sebuleni kwako na mkoba wake begani. Wifi anamsihi akae na yeye anatabasamu tu. Nyanyuka, Kaka. Mpe.

Msalimie sana Wifi, yeye sina neno naye. Wabusu mapacha, na yule mwanenu mdogo Kichwa Ngumu mwambie shangazi yake anamshonea shati. Fundi redio anakusalimu, mlisoma darasa moja. Kinyozi hakusalimu. Mama anakusalimu, na amesisitiza nikuandikie kwamba anakuombea, na kwamba ule vizuri, umekonda kwenye video. Nilipomwonyesha sijui aliona nini na macho yale ya uzee, lakini ndivyo alivyosema.

Mungu akupe afya, akulindie nyumba yako, na akutie nguvu za miguu leo hii.

Ni mimi dada yako, anayekupenda huku amekaza meno,

Dobi.